KANYAGIO LA GITAA: SAUTI MOJA IGEUKAPO KUNDI

Jua linapokuchwa nyuma ya milima ya Kongo, mitumbwi ya Rubona huanza kuondoka ufukweni. Huondoka mitatu mitatu, ikiwa imeunganishwa kwa miti mirefu, nyavu zimekunjwa na taa zimetundikwa tayari kwa giza la usiku. Rubona iko kilomita chache kusini ya mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, jirani na kiwanda cha bia cha Bralirwa na chemchemi za maji ya moto. Wavuvi hao huwatafuta sambaza, samaki wadogo walioletwa katika Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, ambao leo ni kitoweo cha nyumba nyingi za mwambao huo. Nao wapigapo makasia huimba. Mmoja huanzisha, wengine huitika, na sauti zao hutangulia juu ya maji hata mitumbwi yenyewe isipoonekana tena.

Mtu asimamaye ufukweni akasikiliza kwa makini hutambua jambo moja. Waitikiaji hawaimbi sawasawa kabisa. Huyu amewahi kidogo, yule amechelewa. Sauti ya huyu imepanda unywele mmoja, ya yule imeshuka. Tofauti hizo ni ndogo hata hakuna awezaye kuzihesabu, lakini ndizo zinazoliambia sikio kwamba hapa pana watu wengi wala si mtu mmoja mwenye kifua kikubwa. Lau wote wangeimba kwa wakati ule ule na kwa kimo kile kile bila tofauti yoyote, kundi lingesikika kama sauti moja nene tu.

Tofauti hizo hizo ndizo zilizofungiwa ndani ya kijisanduku cha chuma kinachokaa mguuni pa mpiga gitaa. Wanamuziki hukiita kanyagio, au pedali. Yako makanyagio ya namna nyingi. Yale yanayozungumziwa hapa ni ya kuyumbisha sauti, ambayo huifanya sauti ya gitaa moja ipande na kushuka, izunguke, itetemeke, au isikike kama magitaa mawili au matatu yanayopigwa pamoja. Ni chombo kidogo, lakini kimekwisha pamba nyimbo nyingi, kimeharibu nyingine, na kimezusha ugomvi katika nyumba ambazo fedha yake haikupangwa vema.

GITAA LA UMEME LINAVYOSEMA

Kabla ya kulieleza kanyagio, yafaa ikumbukwe jinsi gitaa lenyewe linavyofanya kazi. Gitaa la umeme lina nyuzi za chuma. Chini ya nyuzi hizo kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi unapotikisika mbele ya sumaku, umeme hafifu huzaliwa katika waya, nao hutikisika kama uzi unavyotikisika. Umeme huo hupita katika waya wa gitaa hadi kwenye kikuza sauti, nacho huutia nguvu na kuupeleka kwenye spika.

Maadamu sauti imekwisha geuka kuwa umeme, inawezekana kuuchezea umeme huo njiani kabla haujafika kwenye spika. Hapo ndipo mahali pa kanyagio: waya mmoja waingia kutoka kwenye gitaa, mwingine watoka kwenda kwenye kikuza sauti, na katikati kuna swichi ya kukanyaga kwa mguu ili mikono isiache kazi yake.

NDOO ZA KUZIMIA MOTO

Kanyagio linalojulikana zaidi katika jamii hii huitwa korasi, yaani kundi la waimbaji. Kazi yake ni hii. Umeme utokao katika gitaa hugawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza hupita moja kwa moja. Fungu la pili hucheleweshwa kwa muda mfupi sana, mara nyingi kati ya sehemu 20 na 30 za elfu za sekunde moja. Kisha mafungu yote mawili huchanganywa tena. Katika sehemu 20 za elfu za sekunde sauti husafiri hewani karibu mita 7. Hivyo kuchelewa huko ni kama kwa mvuvi aliyekaa mita 7 nyuma ya mwenzake.

Lakini kuchelewesha peke yake hakutoshi. Kanyagio huongeza na kupunguza muda wa kuchelewa, pole pole, bila kukoma. Muda unapopungua, sauti ile ya pili hupanda kimo kidogo, unapoongezeka, hushuka. Askari yeyote amewahi kulisikia jambo hili. Gari la polisi linapokuja likipiga king'ora, mlio husikika juu. Linapokwisha kupita, mlio hushuka ghafula, ingawa king'ora chenyewe hakikubadilika. Mwanasayansi wa Austria, Christian Doppler, alilieleza jambo la namna hii mwaka 1842. Mwaka 1845, huko Uholanzi, mwenziwe aitwaye Buys Ballot aliwapandisha wapiga tarumbeta juu ya treni na kuwaweka wanamuziki wengine kando ya reli wasikilize, akathibitisha kwamba ndivyo ilivyo.

Je, umeme utacheleweshwaje ndani ya kisanduku kisichozidi kiganja cha mkono? Jibu lilipatikana mwaka 1969 katika maabara ya Philips, Uholanzi, kwa kazi ya Sangster na Teer. Msomaji na awafikirie watu waliojipanga mstari kutoka ziwani hadi kwenye nyumba inayoungua, wakipokezana ndoo za maji. Maji hayafiki mara moja. Hupita mkono kwa mkono. Wakipokezana upesi, maji huwahi. Wakipokezana pole pole, huchelewa. Ndani ya kanyagio mna kipande kidogo chenye mstari kama huo, na kila "mtu" ni kituo kidogo kinachopokea chembe ya umeme na kumpa jirani. Kipande kimoja kilichotumika sana kina vituo 1024. Wahandisi wenyewe walikipa jina la mstari wa ndoo. Leo makanyagio mengi hutumia hesabu za kompyuta badala ya ndoo hizo, lakini kazi ni ile ile.

NDUGU WATANO

Korasi ina ndugu zake, na yafaa kila mmoja ajulikane kwa tabia yake ili mnunuzi asiuziwe asichokitaka.

Tremolo ndiyo kongwe. Hiyo haigusi kimo cha sauti. Huongeza na kupunguza ukubwa wake tu, kama mtu anayefungua na kufunga mlango wa chumba chenye redio. Katika miaka ya 1940 kampuni ya DeArmond ya Marekani ilitengeneza chombo cha namna hiyo ambamo injini ndogo ilitikisa kichupa chenye maji yapitishayo umeme.

Vibrato hubadilisha kimo cha sauti peke yake, juu na chini, kama sauti ya mwimbaji inayotetemeka mwishoni mwa neno. Majina haya mawili huchanganywa mara kwa mara, na kosa limetoka mbali: kampuni ya Fender iliuita mkono wa gitaa lake la Stratocaster la mwaka 1954 tremolo, hali unabadilisha kimo, tena katika vikuza sauti vyake ikaita vibrato kitu kinachobadilisha ukubwa. Basi mnunuzi asitegemee jina lililoandikwa. Ategemee sikio lake.

Feiza haicheleweshi sauti nzima kama korasi. Huipitisha fungu moja katika vichujio vinavyosogeza mawimbi yake, kisha hulichanganya na lile lililonyooka. Aliyeketi ufukweni Rubona amewahi kuona wimbi likija na jingine likirudi: kilele kikikutana na kilele, maji huinuka, kilele kikikutana na bonde, maji hutulia. Sauti nayo ni mawimbi. Baadhi ya milio hufutana na mingine hubaki, na sehemu zinazofutwa huhamahama, hata gitaa likasikika kana kwamba linazunguka chumbani.

Flanja hutumia kuchelewa kufupi kuliko korasi, kiasi cha sehemu 1 hadi 10 za elfu za sekunde, na hurudisha sehemu ya sauti nyuma ipite tena. Mlio wake hufanana na ndege ya jeti inayopita juu ya mapaa. Ni viungo vikali, kidogo chatosha.

Wa tano ni korasi yenyewe, ambayo ni mpole kuliko wote na ndiyo inayofaa nyimbo nyingi za dansi, za rumba na za kanisani.

YALIKOTOKA

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Donald Leslie, Mmarekani, alitengeneza spika ya kinanda yenye pembe inayozunguka. Sauti ilimjia msikilizaji na kumkimbia kwa zamu, mfano wa king'ora kile cha gari. Spika hiyo ilikuwa kubwa kama kabati, na watu walitamani mlio wa namna hiyo katika chombo kinachochukulika.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mjapani Fumio Mieda alibuni chombo kilichoitwa Uni-Vibe. Ndani yake mlikuwa na taa ndogo iliyowaka na kufifia, ikizungukwa na vipande vinavyoitikia mwanga. Aliyekitia chombo hicho masikioni mwa ulimwengu ni Jimi Hendrix, alipokipiga katika tamasha la Woodstock, Agosti 1969. Wasomaji walio jeshini watapenda kujua kwamba Hendrix mwenyewe alikuwa askari wa miavuli wa Marekani, katika Divisheni ya 101, kati ya mwaka 1961 na 1962, na huko jeshini ndiko alikokutana na askari mwenzake Billy Cox, ambaye baadaye alimpigia besi.

Mwaka 1974 kampuni ya MXR ilitoa feiza ndogo yenye kifundo kimoja tu cha kuzungusha. Mwaka 1975 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa kikuza sauti chenye spika mbili, JC-120. Kikiwashwa korasi, spika moja hutoa sauti iliyonyooka, nyingine hutoa sauti inayoyumba, nazo huchanganyikia hewani, kama sauti za wavuvi juu ya maji. Mwaka 1976 mtambo huo wa korasi ukatiwa katika kisanduku cha kukanyaga, na mwaka 1979 kikatoka kisanduku kidogo zaidi, ambacho umbo lake linaigwa hadi leo.

Vyombo hivyo vilifika wakati ambapo dansi la Afrika ya Mashariki na la Kongo lilikuwa limestawi. Katika bendi za mtindo huo, magitaa hugawana kazi: la solo huongoza, la rithimu hushika wimbo, la besi hubeba msingi, na mara nyingi huongezwa la nne kati ya solo na rithimu. Gitaa safi lisilokwaruza, lenye korasi kidogo na mwangwi kidogo, likawa alama mojawapo ya muziki wa dansi wa miaka ya 1980.

NAMNA YA KULITUMIA

Kwanza, gitaa lilinganishwe nyuzi zake kabla kanyagio halijawashwa. Korasi haiponyi gitaa lisilolingana. Kwa kuwa yenyewe hupandisha na kushusha kimo, hulifanya kosa dogo liwe ukungu mkubwa.

Pili, mpangilio. Mwenye makanyagio mengi na aanze na lile la kukwaruza sauti, kama analo, lifuate la kuyumbisha, kisha la mwangwi, ndipo kikuza sauti. Huo si msahafu. Wapo wanaogeuza kwa makusudi. Lakini anayeanza akiufuata hatapotea.

Tatu, vifundo. Makanyagio mengi ya korasi yana vifundo viwili vya kuzungusha, mfano wa kile cha kuongezea sauti ya redio. Kimoja huamua mwendo, yaani sauti iyumbe upesi au pole pole. Kingine huamua kina, yaani iyumbe sana au kidogo. Kanuni nzuri ni kwamba kimoja kikipanda, kingine kishuke. Mwendo wa pole huweza kuvumilia kina kikubwa. Mwendo wa haraka wataka kina kidogo, ama sivyo wasikilizaji huhisi kichefuchefu kama abiria wa mtumbwi siku ya upepo. Anayeanza aweke mwendo kwenye robo na kina kwenye nusu, apige sauti moja ndefu, asikilize, ndipo asogeze kidogo kidogo.

Nne, kwa tremolo, mwendo ulingane na wimbo. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una mapigo 2 kwa sekunde. Basi tremolo iyumbe mara 2 au mara 4 kwa sekunde, wala si mara 3 na nusu, kwa maana hapo gitaa litagombana na ngoma.

Tano, na hili ndilo linalosahauliwa zaidi, si kila gitaa liyumbe. Bendi yenye magitaa matatu, yote yakiwashwa korasi kwa pamoja, hutoa uji usio na chembe. Gitaa moja liyumbe, mengine yanyooke. Besi aghalabu ibaki kavu, kwa kuwa msingi wa nyumba haufai kuyumba. Tena mwimbaji anapotamka maneno ya wimbo, kanyagio lizimwe au lipunguzwe, kwani watu wamekuja kusikia habari, wala hawakuja kusikia mashine. Liwashwe waimbaji wanaponyamaza na gitaa linapopewa nafasi yake.

BETRI, UMEME NA USALAMA WA NYUMBA

Makanyagio mengi hutumia betri ya volti 9, ile ya mraba. Wengi hawajui kwamba katika makanyagio mengi betri huanza kuliwa mara tu waya wa gitaa unapochomekwa kwenye tundu la kuingilia, hata kama swichi haijakanyagwa. Kwa hiyo kazi ikiisha waya uchomolewe. Mazoea hayo madogo huokoa betri nyingi kwa mwaka. Kanyagio likiwekwa stoo kwa miezi, betri itolewe kabisa, maana betri kuukuu huvuja na kuozesha chuma.

Anayetumia adapta ya umeme wa ukutani na asome maandishi yaliyo kwenye kanyagio. Volti ziwe zile zile zilizoandikwa. Alama ya chanya na hasi nayo ilingane: makanyagio mengi yana hasi katikati, ilhali adapta nyingi za vyombo vingine vya nyumbani zina chanya katikati. Kuchomeka bila kusoma ni njia fupi ya kuunguza chombo siku ile ile kilipoletwa.

Kubwa zaidi ni uhai. Umeme wa nyumbani una volti 230. Kikuza sauti chenye plagi ya miguu mitatu kisikatwe mguu wa tatu, kwa sababu huo ndio unaopeleka umeme mbaya ardhini badala ya kumpitisha mpigaji. Mtu ashikaye nyuzi za gitaa la chuma huku midomo yake ikigusa maikrofoni iliyounganishwa kwenye mtambo mwingine wenye hitilafu anaweza kupigwa umeme akafa. Asipige mtu gitaa la umeme akiwa peku juu ya sakafu iliyolowa, wala chini ya turubai linalovuja. Watoto wasiachiwe kufungua vikuza sauti. Vile vya kizamani vya taa za kioo huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Masikio nayo yatunzwe. Wataalamu wa afya kazini huhesabu kwamba kelele ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na kila inapoongezeka desibeli 3 muda ukatwe nusu. Hivyo desibeli 94 ni saa 1 tu, na desibeli 100 ni dakika 15. Askari aliyekwisha sikia filimbi ya masikioni baada ya shabaha anajua maana yake. Mlio huo usioondoka ni onyo, na usikivu uliopotea kwa kelele haurudi.

FEDHA YA NYUMBA

Na uchukuliwe mfano wa nyumba moja, kama zilivyo nyingi. Baba ni askari, yuko zamu mbali na nyumbani. Mama anaendesha nyumba kwa mshahara unaoletwa mwisho wa mwezi, pamoja na faida ya sambaza anaowakausha na kuwauza. Kijana wao amejifunza gitaa katika kwaya, na sasa ameona kanyagio sokoni ng'ambo ya mpaka, Goma. Anasema bila chombo hicho hawezi kupiga kama watu wa santuri. Mama anaijua ada ya shule inayongoja na mchango wa bima ya afya unaongoja pia.

"Mama, wenzangu wote wanacho," asema kijana.

"Mwanangu, wenzako wote wana mama zao," ajibu mama. "Nipigie ule wimbo wa Jumapili, mwanzo hata mwisho, bila hicho kisanduku. Nikiutambua wimbo, tutazungumza na baba yako."

Jibu hilo lina hekima kuliko linavyosikika. Kanyagio huongeza kile kilichopo, halileti kisichokuwapo. Mkono usiojua kushika mapigo ukitiwa korasi hubaki mkono usiojua, ila sasa umefunikwa shuka. Kijana aliyezoea kujificha nyuma ya mlio unaoyumba hugundua kosa lake siku betri inapokwisha katikati ya harusi. Lakini yule aliyejifunza kwanza kwa gitaa kavu, betri ikimwishia, wimbo huendelea, na pengine wageni hawatambui.

Isifikiriwe basi kwamba mama huyo anamkatalia mwanawe. Anampa kipimo, na kipimo ni njia. Akikifaulu, zipo namna za kukipata chombo bila kuiumiza nyumba. Kwaya au kikundi chaweza kuchanga na kununua kanyagio moja la wote, likaandikwa katika daftari la mali. Chaweza pia kununuliwa kilichotumika, mradi kijaribiwe kwanza: kichomekwe, kikanyagwe mara kumi, vifundo vizungushwe kusikiliza kama vinakwaruza, na sehemu ya betri ifunguliwe kuona kama ina kutu.

BENDI ZA MAJESHI

Daftari hilo la mali si jambo geni kwa majeshi. Nchini Tanzania, kwa miaka mingi, vyombo vingi vya bendi vilikuwa mali ya taasisi, na wanamuziki waliajiriwa kama wafanyakazi wengine. Jeshi la Wananchi lilikuwa na Mwenge Jazz, Jeshi la Kujenga Taifa likawa na Kimulimuli Jazz, Polisi wakawa na Polisi Jazz, na Magereza nao walikuwa na bendi yao. Nchini Rwanda nako Jeshi lina bendi yake ya dansi. Askari aliyekabidhiwa gitaa alilijibia kama alivyojibia vifaa vingine. Utaratibu huo una faida: chombo cha wote kikitunzwa huwafundisha vijana wengi, na mpigaji akistaafu chombo hubaki kumngojea mwingine.

MIKONO ILIYOPOTEA

Kwa Rwanda neno hilo lina uzito wa pekee. Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi za magitaa zilistawi nchini, na Orchestre Impala ya Kigali ilipendwa mno. Ndipo likaja giza la mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi waliuawa wanamuziki pamoja na watu wengine wasio na hatia, miongoni mwao Sebanani André, mwimbaji wa Impala. Chombo kilichoporwa huweza kununuliwa kingine. Mkono uliokuwa ukimwonyesha kijana mahali pa kuweka kidole haununuliki.

Kwa miaka mingi baadaye nyimbo nyingi zilitengenezwa kwa kompyuta, na waimbaji wengi walipanda jukwaani wakifuata muziki uliokwisha rekodiwa. Mwaka 2014 ilifunguliwa shule ya muziki huko Nyundo, katika Wilaya hiyo hiyo ya Rubavu, mahali ambapo shule ya sanaa ilikuwapo tangu 1952. Ingawa shule hiyo ya muziki baadaye ilihamishiwa Muhanga, kazi yake ilionekana: vijana walitoka wakiwa na magitaa mikononi, wakapiga mbele ya watu, kosa likisikika na uzuri ukisikika.

Kwa sababu hiyo swali la kanyagio si dogo kama kisanduku chenyewe. Likitumiwa kufunika udhaifu, kizazi kingine kitakua bila mikono. Likitumiwa na mkono uliofunzwa, huwa pambo halali la kazi ya haki, tena hurudisha katika gitaa moja ule wingi wa sauti uliopungua.

Hata umeme unaoliwasha waweza kuwa umetoka ziwani. Ziwa Kivu lina gesi nyingi chini ya maji yake. Tangu mwaka 1963 mtambo wa Rasi ya Rubona ulikuwa ukivuta gesi hiyo kwa ajili ya kiwanda cha bia, na mwaka 2016 ulizinduliwa huko Karongi mtambo wa KivuWatt, unaozalisha umeme wa megawati 26 kwa gesi ya ziwa hilo hilo.

Alfajiri mitumbwi ya Rubona hurudi. Wanawake hungoja ufukweni na mabeseni, na kabla ya mitumbwi kuonekana husikika kuimba. Mvuvi mgeni hafundishwi namna ya kuchelewa wala ya kupandisha sauti. Hufundishwa kwanza kupiga kasia pamoja na wenziwe. Akiisha kulijua kasia, sauti yake huingia katika zile nyingine, na kundi huongezeka mtu mmoja.